Ufilipino: Ukuti mchanga ufanywapo chombo cha kupikia wali

KATIKA mji wa Cebu nchini Ufilipino, wali huuzwa ukiwa ndani ya vifuko vidogo vilivyosukwa kwa makuti ya mnazi na kuning'inizwa vichala vichala mbele ya vibanda vya nyama choma. Wenyeji hukiita kifuko hicho puso.

Msukaji huteua makuti ya kileleni ambayo hayajachanua, kwa kuwa ni laini na hayakatiki yakikunjwa. Huondoa chelewa, kisha huzungusha kuti mkononi na kulipishanisha hadi umbo lipatikane. Mchele mbichi hutiwa kupitia mwanya ulioachwa, bila kukijaza kifuko. Kinapotokoswa, punje hufura zikabanana, na wali huiva ukiwa umeshikamana, wenye harufu ya ukuti. Msafiri huweza kuubeba na kuula bila sahani.

Kabla ya Wahispania kueneza Ukristo huko katika karne ya 16, vifuko hivi vilitumiwa pia katika matambiko. Dini mpya haikuizima sanaa hiyo, bali iliipa kazi nyingine. Kila Jumapili ya Matawi, waumini wa Kikatoliki hupeleka kanisani palaspas, yaani matawi yaliyopambwa kwa maua na ndege wa kusukwa. Yakishabarikiwa, hutundikwa mlangoni, na baadaye huchomwa kupata majivu ya Jumatano ya Majivu ya mwaka unaofuata.

Hata hivyo, mnazi una kilele kimoja tu cha kukulia. Makuti machanga yakikatwa kupita kiasi, mti hudhoofika na mavuno ya nazi hupungua. Kilele chenyewe kikiharibiwa, mti hufa. Hasara ya aina hii haifidiwi upesi. Kimbunga Haiyan cha Novemba 2013 kiliharibu mamilioni ya minazi katika visiwa vya Visayas, na mnazi mrefu wa kienyeji huchukua takriban miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa.

Kwa Wapwani wa Kenya, ustadi huu si mgeni. Wao pia husuka pakacha, makuti ya kuezekea na kifumbu cha kukamulia tui. Lakini kifumbu kimeanza kusahaulika tangu jikoni kuingie kichujio cha plastiki, ilhali puso ingali na wanunuzi kila siku. Maadamu mlaji wa Cebu anautaka wali wake ndani ya ukuti, msukaji atakuwa na sababu ya kumfundisha mwanawe kusuka.