Kabla ya Kuitoa Upya Santuri ya Kilimambogo

Ukishika barabara ya Garissa kutoka Thika, mkono wa kulia utauona mlima uliosimama peke yake, mita 2,145 juu ya usawa wa bahari. Ndio Kilimambogo. Kakai Kilonzo, mwimbaji na mpiga gitaa aliyeishi kati ya 1954 na 1987, aliliita kundi lake kwa jina la mlima huo: Kilimambogo Brothers. Walipiga muziki wa benga wa Kikamba, wakaimba pia kwa Kiswahili, na nyimbo zao zikapendwa mbali nje ya Ukambani.

Nyingi za nyimbo hizo zilitoka kwenye santuri ndogo za 45, yaani za mizunguko 45 kwa dakika, zile za sentimita 18. Baadaye kampuni ya Kijerumani, Shava Musik, ilikusanya baadhi yake katika CD ya Best of Kakai. Nyingine bado zimelala makabatini mwa watu, Ruiru, Thika na kwingineko. Wengi huniuliza: kwani kuna kazi gani, si kuicheza santuri na kuirekodi? Kazi ipo, na mtu akiiharakisha, wimbo hurudi nusu.

Kwanza ni chanzo. Utepe wa studio ukipatikana ndio bora, maana haujawahi kukwaruzwa na sindano. Usipopatikana, tafuta nakala mbili tatu za santuri ile ile. Palipochunika kwenye moja huenda pakawa pazima kwenye nyingine.

Hivi karibuni mzee mmoja wa Ruiru aliniletea santuri aliyoifunga kwa gazeti, mistari yake imejaa vumbi jekundu. Niliiosha kwa maji ya betri, yale yasiyo na asidi, na tone la sabuni ya vyombo, brashi laini ikifuata mzunguko wa mistari bila kuilowesha karatasi ya katikati. Maji ya bomba hukauka yakaacha chumvi, na chumvi hiyo husikika.

Kisha kuna mizani ya sauti. Santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa, ili mistari isiingiliane, na sauti nyembamba zikiwa zimeongezwa. Wakati wa kuicheza, lazima kifaa maalumu kirudishe mizani hiyo. Bila kifaa hicho besi hupotea na gitaa hulia kama bati.

Upande mmoja wa 45 hubeba dakika tatu au nne hivi, na benga haiishi hapo. Ndiyo maana wimbo mmoja uligawanywa: sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande wa pili. Maneno mengi huja mwanzo. Gitaa hufunguka mwishoni, na hapo ndipo watu hucheza hasa. Anayetoa upya sehemu ya kwanza pekee amemnyima msikilizaji uhondo wenyewe. CD hubeba dakika 74 au zaidi, yaani santuri kumi hivi na pande zake zote. Hakuna sababu ya kukata.

Halafu mikwaruzo. Programu ya kompyuta huifuta kwa sekunde chache. Lakini mdonoo wa gitaa la solo nao ni mlio mfupi mkali, na programu huweza kuudhania mkwaruzo. Ukiizidisha, benga hugeuka uji. Mimi huondoa mikubwa kwa mkono, mmoja mmoja, na midogo naiacha.

Mwisho ni haki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 hulinda rekodi kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, na utunzi kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi. Kwa hiyo tungo za Kakai zinalindwa hadi mwisho wa 2037. Kuwa na santuri kabatini hakukupi ruhusa ya kuichapa. Warithi wa mtunzi, na wenye rekodi ikiwa bado inalindwa, sharti wakubali na walipwe.

Yule mzee wa Ruiru, besi ilipoingia, alimtaja aliyeipiga. Jina hilo haliko kwenye santuri. Pale pana wimbo, mtunzi na nambari tu. Nililiandika papo hapo. Kama kwenu kuna santuri za zamani, zisimamisheni wima mbali na jua, kisha ketini na wazee muandike nani alipiga nini. CD yoyote itakayotoka inastahili kubeba majina hayo.