Mbuyu Uliosafiri Kilomita 3,200

Julai 2008, lori refu liliingia Perth, Australia Magharibi, likiwa limebeba abiria wa tani 36: mbuyu mzima, umelazwa ubavu, matawi yamepunguzwa.

Mti huo, unaokadiriwa kuwa na miaka 750, ulikuwa umesimama karibu na Warmun, kaskazini kabisa. Barabara kuu ilipohitaji daraja jipya, ukawa umeziba njia. Kuukata kungekuwa rahisi mno. Lakini kwa wenyeji, Wagija, huo haukuwa kuni. Waliufanyia ibada ya kuuaga, kisha wakautoa kuwa zawadi kwa bustani ya Kings Park. Jina lake, Gija Jumulu, linatokana na lugha yao.

Ni ndugu wa karibu wa mibuyu ya pwani yetu, na kama hiyo, huweka akiba ya maji shinani. Akiba hiyo humsaidia msafiri aliyekatwa mizizi.

Nairobi nako, mwaka 2020, mti wa mugumo kwenye barabara ya Waiyaki Way ulipangiwa kung'olewa na kuhamishwa kupisha barabara ya juu. Watu walipaza sauti, na Rais Uhuru Kenyatta akaamuru uachwe. Uamuzi bora kuliko yote: barabara ndiyo iliyoupisha mti.