Mgeni Hujulikana Jumamosi

Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, mgeni aliyekuja Unguja kufanya kazi hana tofauti kubwa na mwenyeji. Wote huamka mapema, wote hulalamikia msongamano wa Darajani, wote huhesabu siku za kufika mshahara. Tofauti hujitokeza Jumamosi. Siku za kazi husema umeajiriwa wapi. Siku za mapumziko husema unaishi wapi.

Wengi wetu tuliotoka nje, Wakenya wa mahotelini, Waganda wa shule binafsi, Wazungu wa miradi, siku hizo mbili mjini hatukai. Ijumaa jioni mkoba uko begani, safari ya Paje au Nungwi. Mwenye nazo huchukua teksi, asiyenazo hubanana ndani ya daladala. Pwani ni nzuri na simlaumu mtu. Ila huko mgeni hukutana na wageni wenziwe, husikiliza muziki aliouacha kwao, kisha Jumapili usiku hurudi amepumzika vizuri na jirani wa mlango wa pili hamjui hata jina.

Mimi ni mhasibu, mtu wa Nakuru, na nimepanga katika mojawapo ya majumba ya Michenzani, yale marefu yanayoitwa kwa namba zao. Mwanzo nilihamia hapa kwa sababu kodi ilinifaa. Sababu ya kubaki ni mwisho wa wiki.

Hata majumba yenyewe yana mkono wa wageni. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, Ujerumani Mashariki ilileta wataalamu Zanzibar, wakasaidia kujenga nyumba za Kikwajuni na Kilimani. Mwaka 1968 Mjerumani Hubert Scholz akachora mpango wa mji, na Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa Zanzibar, akawa na shauku ya kuwaona watu wa Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, wakiishi kwenye nyumba za kisasa, zenye umeme na maji ya bomba. Nyumba za udongo zikavunjwa, majumba yakapanda ghorofa juu ya ghorofa kando ya barabara zinazokutana Michenzani. Karume aliuawa Aprili 1972, ujenzi ukaendelea bila yeye.

Kitu kimoja hakikupanda ghorofani: baraza. Nyumba ya zamani ya Ng'ambo ilikuwa na kibaraza mbele, mtu akitoka mlangoni ameshafika mkutanoni. Ghorofani ukifungua mlango unakutana na ngazi. Basi wakazi wakafanya lao. Wakateremsha mabenchi, mikeka na meza, wakaweka baraza chini ya majumba, kwenye vivuli. Ramani ikabaki ya Mjerumani, maisha yakabaki ya Ng'ambo. Na kwa mgeni hiyo ni bahati, maana ghorofani ni lazima upige hodi, lakini barazani salamu inatosha.

Mapumziko ya hapa yana saa zake, na mtu wa Nakuru hulazimika kuzizoea. Kwetu Ijumaa huanza usiku, kwenye baa. Hapa huanza mchana, kwa adhana. Kanzu hutoka zimenyooshwa, maduka hufungwa, barabara hupungua watu, na baada ya sala kila ngazi ya jumba hunukia pilau. Mimi si Mwislamu, lakini sijawahi kuona jirani aliyetumia hilo kuwa sababu ya kuninyima sahani.

Jumamosi asubuhi ni ya Soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904. Naenda kwa miguu. Kwenye samaki pana mnada, na mnada hauna huruma kwa anayesitasita. Nilijifunza kusimama nyuma ya mama mmoja wa jumba letu, yeye akitaja bei nami nikibeba kikapu. Hunichagulia changu au jodari, hunikaripia nikikubali bei ya mwanzo, na njiani hunieleza nani anaoa wiki ijayo. Mchana ni bakuli la urojo, wenye bajia, kachori na ukali wa embe, kisha usingizi. Usingizi wa mchana Unguja hauombewi radhi.

Mara nyingine jioni kuna ndoa. Wanaume huenda msikitini, sheikh anafungisha, halafu haluwa na kahawa chungu hupita kwa kila aliyefika, awe amealikwa kwa kadi au kwa mdomo. Shughuli ya wanawake ina siku yake na mahali pake, na habari zake sisi huzipata kwa kuhadithiwa.

Jumapili naingia Kanisa la Anglikana Mkunazini, lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere, Mwingereza aliyefika Unguja mwaka 1864. Namtaja kwa sababu alikuwa mfanyakazi mgeni kama sisi, na alijua kukaa. Aliketi na watu wa mji wakamsimulia hadithi, akaziandika kwa Kiswahili chao, na mwaka 1870 kitabu kikatoka London. Bila kuketi, angerudi kwao na barua za kazi tu.

Alasiri, pakiwa na mechi, tunateremka Uwanja wa Mao Zedong, Kikwajuni, hatua chache tu kwa miguu. Pasipo na mechi, meza ya dhumna inatosha. Hapo ndipo Mkenya hupimwa. Hakuna anayekuuliza unafanya kazi wapi. Watakuuliza kwa nini umeshikilia sita mbili mpaka mwisho, na swali hilo litarudiwa wiki nzima.

Siwaambii wageni wenzangu wasiende pwani. Nami huenda, wageni wakinijia kutoka nyumbani. Safari moja ya namna hiyo nilikaa Paje hadi Jumapili usiku, nikarudi nikinyata kwenye ngazi nisiwaamshe watu. Asubuhi nikienda kazini nilimkuta mzee mmoja wa barazani amekaa na kikombe chake cha kahawa. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Yakhe Mkenya, jana ulikuwa wapi? Tumekaa watatu mpaka magharibi, mtu wa nne hatuna."

Nina kibali cha kazi kinachotaja cheo changu na mwajiri wangu. Cha kuishi Michenzani nilipewa asubuhi ile, tena kwa kukaripiwa.