Mrundikano wa vitu unavyoinyima familia utulivu nyumbani

MTU anayeshuka kwenye daladala Kwa Mrombo, kata ya Muriet jijini Arusha, baada ya kutwa nzima ya pilikapilika za mjini, hutarajia jambo moja: kufika nyumbani na kupumzika. Vumbi, honi za magari na moshi wa nyama choma huviacha barabarani.

Kwa bahati mbaya, katika nyumba nyingi mapumziko hayo hayapatikani kwa urahisi. Mlango unapofunguliwa, mwenye nyumba hupokewa na kochi lililobebeshwa nguo ambazo hazijakunjwa, madumu matupu pembeni mwa ukuta, televisheni mbovu iliyogeuzwa meza, na mifuko chini ya kitanda ambayo hakuna anayekumbuka kilichomo ndani yake.

Hali hiyo haimaanishi kwamba nyumba ni chafu. Nyumba inaweza kufagiwa na kupigwa deki kila asubuhi, na bado ikawa imesongwa. Tatizo ni mrundikano, yaani vitu kuwa vingi kuliko nafasi iliyopo na kuliko mahitaji ya wanaoishi humo.

Mwili na akili

Watafiti wamejaribu kuchunguza iwapo mrundikano huo humwathiri mtu kiafya. Mwaka 2010, Darby Saxbe na Rena Repetti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha matokeo ya utafiti uliowahusisha wanandoa 60 nchini Marekani. Kila mmoja alitakiwa kuizungukia nyumba yake na kuieleza kwa maneno yake mwenyewe, na katika siku kadhaa alitoa mate ili yapimwe kiwango cha kotisoli, homoni inayohusiana na msongo wa mawazo.

Kwa kawaida homoni hiyo huwa juu asubuhi na hushuka kadiri siku inavyoelekea jioni. Kwa wanawake waliozieleza nyumba zao kuwa zimejaa vitu na kazi zisizokamilika, haikushuka inavyotakiwa, na hali yao ya moyo ilizidi kuwa nzito jioni ilipowadia. Kwa waume zao uhusiano huo haukuonekana wazi.

Utafiti huo hauthibitishi kwamba vitu peke yake ndivyo vinavyoleta msongo, kwa kuwa mtu mwenye msongo naye anaweza kushindwa kupanga nyumba. Hata hivyo, unaeleza jambo ambalo kina mama wengi wanalijua: kila kitu kilichokaa mahali pasipo pake ni kazi inayomsubiri mtu fulani, na mara nyingi mtu huyo ni mama.

Sababu nyingine ni namna ubongo unavyofanya kazi. Mwaka 2011, Stephanie McMains na Sabine Kastner wa Chuo Kikuu cha Princeton walionyesha kuwa vitu vingi vinapokuwa mbele ya macho kwa wakati mmoja, hushindana kupata nafasi katika ubongo. Mtoto anayefanya kazi za shule kwenye meza iliyojaa vikombe, chaja na magazeti ya zamani hulazimika kutumia nguvu zaidi ili kuzingatia daftari lake.

Mazoea yalikotoka

Ni makosa, hata hivyo, kudhani kwamba wanaotunza kila kitu ni watu wasio na mpangilio. Wengi walifundishwa na maisha.

Wazee walioishi Tanzania baada ya Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 wanakumbuka sabuni, sukari na nguo zilivyoadimika madukani na kupatikana kwa foleni. Mwaka 1983 ilifuata kampeni ya kuwasaka wahujumu uchumi, iliyoongozwa na Waziri Mkuu, Edward Sokoine. Katika mazingira hayo, kopo tupu, kipande cha kitambaa au msumari uliopinda vilikuwa mali. Aliyetupa leo angeweza kukosa kesho.

Biashara ilipoanza kulegezwa katikati ya miaka ya 1980, bidhaa zilirejea, yakiwamo mavazi ya mitumba. Leo mtu akienda masoko ya Kilombero au Samunge anaweza kurudi na nguo kadhaa kwa fedha kidogo. Kuingiza vitu ndani kumekuwa rahisi, lakini ule moyo wa kutotoa kitu uliozaliwa wakati wa shida umebaki palepale.

Aidha, binadamu hukithamini zaidi kitu kwa sababu tu ni chake. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1990, Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler waliwapa baadhi ya watu vikombe vya kawaida. Waliopewa walitaka kuviuza kwa takriban mara mbili ya bei ambayo wenzao wasiopewa walikuwa tayari kulipa. Ndiyo maana antena iliyobaki juu ya kabati tangu matangazo ya analojia yalipozimwa mwaka 2013 bado huonekana kuwa ya thamani machoni mwa mwenyewe.

Vitu navyo hulipiwa pango

Kwa familia ya mpangaji, mrundikano una gharama inayohesabika. Tuseme familia inalipa Sh100,000 kwa mwezi kwa vyumba viwili vinavyolingana, na kimoja kimegeuka stoo. Vitu visivyotumika vinalipiwa Sh50,000 kila mwezi, sawa na Sh600,000 kwa mwaka, ilhali watoto wanabanana na wazazi katika chumba kilichosalia. Ni vigumu kupata katika stoo hiyo vitu ambavyo vikiuzwa vitafikisha kiasi hicho.

Yapo pia madhara ya usalama. Vumbi la kiangazi hujikusanya mahali pasipofikiwa na ufagio na kuwasumbua wenye pumu. Panya na mende hupata maficho. Moto ukizuka, maboksi na mifuko iliyoziba njia humchelewesha mtu kutoka.

Akiba ni nini?

Wahenga walisema akiba haiozi, na kauli hiyo ndiyo kinga kubwa ya wanaokataa kutoa kitu. Lakini akiba ina sifa zake. Mwenye akiba anajua anacho nini, kiko wapi na atakitumia kwa kazi gani. Gunia la mahindi lililowekewa dawa ni akiba. Blanketi la ziada linalosubiri baridi ya Juni na Julai ni akiba. Dumu la maji kwa siku ambayo bomba halitoi ni akiba pia.

Redio mbovu ambayo haijapelekwa kwa fundi kwa miaka sita haina sifa hizo, kadhalika viatu vya mtoto ambaye sasa yuko sekondari. Hivyo huoza, na huoza pamoja na nafasi vilivyoikalia. Kwa hiyo kupunguza vitu hakupingani na desturi ya kuweka akiba, bali ndiko kunakoiwezesha akiba ya kweli kuonekana.

Namna ya kuanza

Kosa la kwanza ni kutaka kumaliza nyumba nzima kwa siku moja. Ni afadhali kuanza na sehemu ndogo, mathalani droo moja au rafu moja ya kabati, na kuimaliza kabla ya kugusa nyingine.

Vitu vya sehemu hiyo vitolewe vyote na kugawanywa katika mafungu matatu: vinavyotumika, vya kutoa au kuuza, na vya kutupa. Swali la kujiuliza ni lini kitu hicho kilitumika mara ya mwisho. Kisichotumika msimu wa masika, wa baridi wala wa kiangazi hakielekei kutumika mwaka ujao.

Nyaraka zitengwe mapema zisije zikachanganyika na takataka. Hati za kiwanja, vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya shule, pamoja na stakabadhi za malipo, zikae katika bahasha moja inayojulikana na watu wazima wote wa nyumba.

Jambo la pili ni kutotupa kitu cha mtu mwingine bila idhini yake. Utulivu unaotafutwa hauwezi kupatikana kwa kuanzisha ugomvi kati ya mume na mke, au kati ya mkwe na mama mkwe. Vitu vya marehemu vinahitaji busara zaidi. Familia inaweza kukubaliana kubakiza kimoja au viwili vya kumbukumbu, kama vile kanga au fimbo, na vingine vikawafaa walio hai.

Vinavyotolewa navyo vina mahali pa kwenda. Nguo nzima zinaweza kupelekwa katika kituo cha kulelea yatima, kanisani au msikitini. Vyuma na sufuria zilizotoboka huchukuliwa na wanunuzi wa chuma chakavu. Kwa wakazi wa Kwa Mrombo tahadhari hii ni muhimu zaidi, kwa kuwa dampo la jiji liko Muriet, katani mwao wenyewe. Betri na plastiki zisichomwe uani, maana moshi wake una sumu.

Ikumbukwe kwamba wapo wasioweza kutoa kitu hata wakitaka, na hukumbwa na hofu kubwa wakijaribu. Tangu mwaka 2013, wataalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani wameitambua hali hiyo kama ugonjwa unaojitegemea. Mtu wa namna hiyo anahitaji ushauri wa daktari, si kuchekwa wala kulazimishwa.

Kwa wengine, kazi iliyobaki ni kulinda nafasi iliyopatikana: kinapoingia kitu kipya, kimoja cha zamani kitoke. Nyumba haihitaji kuwa kubwa wala ya kifahari ili impumzishe mwenyewe. Inatosha mtu arudipo jioni apate kiti kisicho na mzigo, na mtoto apate meza ya kusomea.