Yoga kwa Askari Waliotoka Vitani: Tiba Inayoanza kwa Kurudisha Hiari

Askari hufunzwa kutii amri papo hapo. Akiambiwa alale chini, hulala. Akiambiwa asimame, husimama. Na mwili wake huzoea kutenda kabla akili haijauliza sababu. Mazoea hayo ndiyo yanayomwokoa vitani. Hata hivyo, wapo wanaorejea nyumbani wakiwa wazima wa viungo ilhali miili yao ingali vitani. Mlango ukibamizwa hushtuka, usiku hawapati usingizi, kwenye mkusanyiko wa watu huchagua kuketi wakiutazama mlango, na hasira huwapanda kwa jambo dogo.

Nchini Marekani, ambako askari wengi wamerejea kutoka Vietnam, Iraki na Afghanistani, baadhi ya hospitali za askari wastaafu zimeongeza yoga katika huduma zao kwa watu wa namna hii. Mwaka 2017 idara ya serikali inayohudumia askari wastaafu iliiweka yoga katika orodha ya huduma ambazo mgonjwa anaweza kupatiwa inapoonekana kuwa zitamfaa, pamoja na kutafakari, kukandwa misuli na tiba ya vitobo. Makala haya yanaeleza namna yoga hiyo inavyofundishwa, yale ambayo utafiti umeonyesha, na mipaka yake.

Jeraha lisiloonekana

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza hali hii iliitwa mshtuko wa makombora, na askari wengi waliougua walidhaniwa kuwa waoga. Mwaka 1980 Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kiliuingiza ugonjwa wa msongo wa baada ya kiwewe katika mwongozo wake rasmi. Mchango mkubwa ulitoka kwa askari waliopigana Vietnam na matabibu waliowahudumia.

Dalili zake hugawanywa katika makundi manne: kumbukumbu na ndoto za tukio zinazorudi bila kuitwa, kukwepa kila kinachokumbusha tukio, fikra na hisia kugeuka kuwa za kukata tamaa, lawama au upweke, na mwili kukaa katika tahadhari wakati wote. Dalili hizo zikidumu zaidi ya mwezi mmoja na kuvuruga kazi, ndoa au malezi, mtu huyo anahitaji tiba.

Chanzo cha tahadhari hiyo ni sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala, ambayo kazi yake ni kutambua hatari. Inapoamka, mfumo wa neva humwaga adrenalini, moyo huenda mbio, misuli hukaza na pumzi huwa fupi. Kwa kawaida hatari ikipita, mwili hutulia. Kwa mgonjwa wa kiwewe, kengele hiyo huendelea kulia ingawa moto umekwisha kuzimwa. Wengine hupatwa na kinyume chake: hufa ganzi ya hisia, wasitambue njaa, uchovu wala maumivu mpaka yamezidi.

Tiba zenye ushahidi mkubwa zaidi ni zile za mazungumzo, ambamo mgonjwa husaidiwa kulikabili tukio na kuzichambua fikra zilizotokana nalo. Tiba hizo huwafaa wengi, lakini zinamdai mgonjwa akaribie jambo lile lile analolikimbia, na si wachache wanaoziacha katikati. Kwa sababu hiyo matabibu wametafuta njia nyingine ya kuingilia, ambayo haianzi na simulizi la vita bali na mwili wenyewe.

Namna ya kufundisha ndiyo dawa

Mtu anaweza kudhani kwamba askari huyu angepelekwa tu katika darasa lolote la yoga. Hapo ndipo penye hatari. Katika darasa la kawaida mwalimu hutoa maagizo mfululizo, hupita nyuma ya wanafunzi, huwashika ili kuwarekebisha mikao, huzima taa na kuwataka wafumbe macho. Kwa mtu aliyevamiwa, kutekwa au kudhulumiwa, kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuiamsha kengele.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mwalimu wa yoga David Emerson na daktari wa akili Bessel van der Kolk walishirikiana katika kituo cha tiba ya kiwewe huko Massachusetts kutengeneza ufundishaji tofauti. Mikao waliyochagua ni myepesi, na mingi inaweza kufanywa juu ya kiti. Kilichobadilishwa hasa ni lugha na uhusiano wa mwalimu na mwanafunzi.

Kwanza, amri hugeuzwa kuwa mwaliko. Mwalimu hasemi, "Inua mkono." Husema, "Ukipenda, unaweza kuinua mkono mmoja, au yote miwili, au ukapumzika." Pili, kila zoezi huwa na uchaguzi wa kweli: kuendelea, kupunguza, kubadili au kuacha, wala hakuna anayeulizwa kwa nini ameacha. Tatu, mwanafunzi hualikwa kuhisi kinachotokea ndani ya mwili wake, kwa mfano msuli wa paja unavyokaza au nyayo zinavyogusa sakafu, bila kuelezwa anachopaswa kuhisi. Nne, mwalimu hamgusi mwanafunzi. Hubaki mahali pake na kufanya mazoezi hayo hayo pamoja nao.

Chumba nacho hupangwa kwa uangalifu. Mwanga hubaki wa kutosha, mlango huonekana kutoka kila mahali, na hakuna mtu anayeingia ghafla. Macho yanaweza kubaki wazi. Mwalimu hueleza mapema kitakachofuata na muda wake, kwa sababu mtu aliyeumizwa na mambo ya ghafla hutulizwa na mambo yanayotabirika. Kwa kawaida hakuna nyimbo za ibada wala majina ya Kisanskriti, hivyo mwanafunzi wa dini yoyote anaweza kushiriki bila kuona kwamba imani yake imeguswa.

Mambo haya yanaweza kuonekana madogo. Kwa askari ambaye kwa miaka mingi mwili wake uliendeshwa na amri za wengine, kisha ukaendeshwa na hofu, kuamua mwenyewe kuushusha mkono kwa sababu bega limechoka ni hatua ya tiba. Amehisi jambo mwilini, amelipima, na ametenda kwa hiari yake.

Pumzi ina nafasi yake pia. Mtu anapovuta pumzi, moyo huongeza mwendo kidogo; anapoitoa, neva ya vagasi huupunguza. Kuitoa pumzi polepole, kwa urefu unaozidi kidogo ule wa kuivuta, huusaidia mwili kuelekea upande wa utulivu. Hata hivyo, wapo ambao kuiangalia pumzi huwazidishia hofu. Kwao mwalimu huanza na miguu au mikono.

Utafiti umeonyesha nini

Mwaka 2014 van der Kolk na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 64 wenye kiwewe cha muda mrefu kilichokuwa kimeshindikana kwa tiba nyingine. Baada ya wiki 10 za somo moja kwa wiki, wanawake 16 kati ya 31 wa kundi la yoga hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa huo, ikilinganishwa na 6 kati ya 29 waliopewa elimu ya afya. Hao hawakuteuliwa kwa kuwa askari, lakini matokeo yao yalifungua njia.

Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walitoa matokeo ya askari wanaume 21 waliopigana Iraki na Afghanistani. Waliofundishwa mazoezi ya pumzi ya yoga kwa siku 7 walipungukiwa na dalili, na nafuu hiyo ilionekana hata mwaka mmoja baadaye.

Utafiti wenye uzito zaidi ulichapishwa Desemba 2023. Ulihusisha wanawake 131 waliowahi kuwa askari wa Marekani na ambao walidhulumiwa kingono wakiwa jeshini. Baadhi walipewa yoga ya aina iliyoelezwa hapo juu, na wengine tiba ya mazungumzo inayotambuliwa kuwa miongoni mwa zilizo bora. Dalili zilipungua katika makundi yote mawili kwa kiasi kinacholingana, ila waliofika mwisho wa tiba walikuwa wengi zaidi katika kundi la yoga. Kwa tabibu, hilo si jambo dogo: dawa anayoimaliza mgonjwa ina thamani kuliko ile anayoiacha njiani.

Mipaka na tahadhari

Utafiti mwingi bado una washiriki wachache, na haiwezekani kumficha mtu kwamba anafanya yoga, hivyo matarajio yake yanaweza kuathiri matokeo. Kwa hiyo yoga haipaswi kuwa sababu ya kumwachisha mgonjwa dawa au ushauri nasaha. Mwenye mawazo ya kujiua apelekwe hospitali mara moja, asipelekwe kwenye mkeka.

Askari wengi pia wana majeraha ya mwili. Mwenye glakoma au shinikizo la damu lisilodhibitiwa aepuke mikao ya kuinamisha kichwa chini ya moyo; aliyeumia ubongo anaweza kupata kizunguzungu; mwenye mguu wa bandia apewe mazoezi ya kiti. Mwalimu asimdadisi mtu habari za vita, na ajue wa kumkabidhi mgonjwa endapo kumbukumbu zitamzidi darasani.

Funzo kwa Afrika Mashariki

Kenya imekuwa na wanajeshi Somalia tangu mwaka 2011, na Tanzania ilipoteza askari wake wa kulinda amani mashariki mwa Kongo katika shambulio la Desemba 2017. Wenzao walionusurika wamerudi katika familia zao, na baadhi hufika zahanati wakilalamikia kichwa, mgongo au kukosa usingizi, bila kutaja walichokiona.

Mhudumu wa afya anaweza kuyatumia mafunzo haya hata pasipo darasa la yoga. Aombe ruhusa kabla ya kumgusa mgonjwa, amweleze kila hatua ya uchunguzi, amwachie nafasi ya kuketi akiuona mlango, na amhakikishie kwamba anaweza kusema "basi" wakati wowote. Kwa jamaa wa nyumbani, ushauri ni wa aina hiyo hiyo: wasimwamshe kwa kumtikisa bali wamwite jina kwa mbali, wasimlazimishe kusimulia, na wamsindikize hospitali dalili zikivuka mwezi mmoja.