Tangi tupu la pikipiki kuukuu si la kuchezea

Umepata Honda CG125 ya babu, modeli iliyoanza kuuzwa 1976, na unataka kuirudishia ujana. Poa. Lakini kabla ya kushika rangi, ng'oa tangi.

Itoe nje, mbali na jiko na sigara. Injini ikipoa, chomoa waya wa betri. Funga koki ya mafuta, vua mpira upande wa kabureta, utie kwenye mtungi, kisha ufungue koki hadi RES, la sivyo akiba itabaki ndani.

Ondoa kiti, fungua bolti ya nyuma ya tangi, inua upande huo kidogo, uvute kuelekea nyuma. Likikwama, wacha nyundo. Mbele limeshikwa na mipira iliyozeeka, litikise polepole.

Sasa skia: tangi lililomwagwa mafuta ni hatari kuliko lililojaa. Mvuke wa petroli uliobaki ukichanganyika na hewa, cheche moja inatosha kulilipua. Ukiona kutu imelitoboa, usikimbilie fundi yeyote wa kuchomelea. Kusuuza mara moja hakutoshi. Tafuta anayejua kuumaliza mvuke kwanza, na umwambie wazi lilikuwa na petroli.

Pikipiki imengoja miaka. Wiki moja zaidi haitaiua, lakini haraka yako inaweza kukuua.