Mpira wa magongo barafuni: Somo la kwanza ni kuanguka

Na Mwandishi Wetu

KWA mkazi wa Kigwa, wilayani Uyui mkoani Tabora, barafu ni kitu cha kupozea kinywaji, nayo ikiachwa juani haichukui muda kugeuka maji. Si ajabu basi kwamba akielezwa kuwa wapo vijana wa Nairobi wanaovaa viatu vyenye chuma na kukimbizana juu ya barafu wakiwa na magongo mikononi, atadhani anataniwa.

Hata hivyo, jambo hilo ni la kweli. Mwaka 2005 Hoteli ya Panari, iliyoko Barabara ya Mombasa jijini Nairobi, ilifungua kiwanja cha barafu ndani ya jengo lake, na humo ndimo ilimozaliwa timu ya Kenya Ice Lions. Septemba 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa Shirikisho la Kimataifa la mchezo huo (IIHF), lililoanzishwa Paris mwaka 1908.

Mpira wa magongo wenyewe si mgeni kwa Watanzania. Timu ya taifa ya wanaume ilishiriki michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, ambako India iliifunga mabao 18 kwa bila, matokeo ambayo ni afadhali kutoyataja mbele ya wazee wa mchezo huo. Lakini huo ni ule wa nchi kavu, wenye wachezaji 11 kila upande.

Barafuni kila timu huingiza wachezaji sita, kipa akiwa mmojawapo, na mchezo una vipindi vitatu vya dakika 20. Badala ya mpira wa duara hupigwa kisahani cha mpira mgumu chenye upana wa sentimita 7.62 na uzito wa gramu zisizozidi 170. Kasi yake huchosha kiasi kwamba mchezaji hukaa uwanjani kwa muda wa dakika moja hivi, kisha hutoka na mwenzake kuingia bila mwamuzi kusimamisha mchezo.

Mzazi anayempeleka mtoto kwa mara ya kwanza hutegemea kumwona akipewa gongo. Kocha anayeijua kazi yake haanzi hivyo. Humfundisha kwanza kuanguka: kukunja magoti, kujilaza kwa ubavu, na kukunja vidole ili visipitiwe na viatu vya wengine. Kisha humfundisha kuinuka, goti moja likiwa chini na mguu mwingine ukikanyaga.

Sababu yake ni nyepesi. Mtoto anayeogopa kuanguka husimama wima, miguu imekakamaa, na aliyesimama wima barafuni ndiye huanguka vibaya, tena kwa kisogo. Aliyezoea kuanguka hukunja magoti bila kuambiwa, na huo ndio mkao ambao mchezo mzima umejengwa juu yake.

Baada ya hapo huja kusukuma kwa mguu mmoja na kuteleza kwa mwingine, halafu kusimama. Wanaoanza wengi hujua kwenda kabla ya kujua kusimama, na ukuta wa kiwanja ndio huwasimamisha. Kusimama hufanywa kwa kugeuza miguu na kuukwangua uso wa barafu kwa makali ya chuma mpaka utoe unga mweupe.

Viatu ndivyo huharibu mazoezi ya wengi. Wazazi hununua vikubwa wakitaraji mtoto atavikua, kama wafanyavyo kwa viatu vya shule. Barafuni hesabu hiyo haifai, kwani kisigino kikicheza ndani ya kiatu, kifundo hulala upande na mtoto huonekana hana kipaji ilhali kosa ni la kiatu. Akisimama, vidole viguse mbele kidogo tu, na kamba zikazwe zaidi karibu na kifundo.

Kuhusu usalama, hofu ya wazazi ina msingi. Oktoba 28, 2023, mchezaji Adam Johnson wa timu ya Nottingham Panthers alifariki baada ya kukatwa shingoni na kiatu cha mwenzake katika mechi iliyochezwa Sheffield, Uingereza. Baada ya tukio hilo, IIHF iliagiza kinga ya shingo ivaliwe katika mashindano yake yote. Kwa mtoto, kinga hiyo, kofia ngumu yenye wavu wa uso, glavu na kinga za magoti na viwiko si mapambo, na kocha anayemruhusu aingie bila hivyo hafai kuachiwa mtoto.

Kukumbana kwa miili nako, ambako watazamaji wa televisheni hukuona kama ndiko mchezo wenyewe, watoto hawaruhusiwi. Marekani ilikuondoa mwaka 2011 katika mechi za wenye umri wa miaka 12 na chini, na Kanada ikafuata mwaka 2013.

Aidha, katika nchi hizo watoto wadogo hawachezeshwi kiwanja kizima, ambacho katika ligi kuu ya Amerika Kaskazini kina urefu wa mita 61 na upana wa 26. Kiwanja hugawanywa vipande, na kila kundi hupewa kipande chake. Katika eneo finyu mtoto hukigusa kisahani mara nyingi, badala ya kumfuata kwa mbali mmoja aliyekua haraka kuliko wenzake.

Hapo ndipo udogo wa kiwanja cha Nairobi, ambao ni kikwazo kwa timu ya watu wazima, unapogeuka kuwa nafuu kwa watoto. Lakini kikwazo kikubwa hasa ni kwamba kiwanja ni kimoja. Janga la korona lilipofunga sehemu za burudani mwaka 2020, wachezaji walibaki bila barafu. Hata umaarufu walioupata mwaka 2018, kampuni ya migahawa ya Tim Hortons ilipowapeleka Kanada na kuwachezesha pamoja na nyota Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, haukuwapatia kiwanja cha pili.

Barafu ya ndani ni ghali kuitunza. Chini ya sakafu hupita mabomba yenye kimiminika kilichopozwa, na juu yake maji humwagwa tabaka kwa tabaka mpaka yagande unene wa sentimita chache. Mitambo ikizimwa, kiwanja huwa dimbwi.

Kwa familia ya Tabora, basi, safari ya Nairobi kwa ajili ya saa moja ya mazoezi ni anasa. Kinachowezekana karibu na nyumbani ni nusu ya somo. Baadhi ya Wakenya hao walianzia kwenye viatu vya magurudumu barabarani, ambavyo hufundisha mizani na msukumo unaofanana na ule wa barafuni. Kulimudu gongo nako hakuhitaji baridi: sakafu laini ya saruji, mpira mdogo mgumu, na gongo ambalo mtoto akiwa pekupeku humfikia puani. Akivaa viatu vya barafuni, litakuwa limemfikia kidevuni, kama inavyotakiwa.